Kisa cha poloni ya Afrika Kusini: leseni ya jengo na wajibu wa mwenye chakula

Kati ya Januari 2017 na katikati ya Julai 2018, watu 1,060 nchini Afrika Kusini walithibitishwa na maabara kuwa na listeriosisi, ugonjwa unaoletwa na bakteria anayebebwa na chakula. Waliofariki ni 216. Shirika la Afya Duniani liliutaja mlipuko huo kuwa mkubwa kuliko yote ya ugonjwa huo iliyowahi kurekodiwa. Chakula kilichobeba maradhi kilikuwa poloni, aina ya soseji, na poloni hiyo ilifuatiliwa hadi kiwanda cha Enterprise Foods mjini Polokwane, mali ya Tiger Brands, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za chakula barani Afrika.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu leseni za biashara ya chakula yamebaki kuwa mazungumzo ya karatasi. Mtu anauliza: nahitaji vibali vingapi, ada ni kiasi gani, naanzia ofisi gani? Maswali hayo ni halali, na nitayagusa. Lakini Polokwane inatuonesha kwamba kibali cha jengo na usalama wa chakula kinachotoka ndani yake ni vitu viwili tofauti. Kinachoviunganisha ni kazi ya kila siku ya mwenye biashara, pamoja na jicho la mkaguzi anayejua pa kutazama. Vikikosekana hivyo viwili, leseni inathibitisha tu kwamba siku fulani, mtu fulani aliingia akakuta kuta zimepakwa rangi.

Kwa asiyeijua poloni: ni soseji nene ya rangi ya waridi. Hupikwa kiwandani, hupozwa, hufungwa, na mlaji huikata vipande akala hivyo hivyo bila kuipasha moto. Bei yake ni ya mtu wa kipato kidogo. Soweto huwekwa ndani ya kota, yaani robo ya mkate iliyotobolewa katikati na kujazwa chipsi, achari na kipande cha poloni. Mwanafunzi hula kota njiani, kituo cha kulelea watoto huwapa watoto poloni na mkate, na mama mjamzito akiwa na njaa ya haraka hukata kipande akasonga mbele na shughuli zake.

Bakteria anayeleta listeriosisi, Listeria monocytogenes, huishi kwenye udongo na maji, na hufa kwa moto wa kupikia, kwenye nyuzi joto 70 hivi. Shida ni kwamba friji haimuui. Bakteria wengi wa chakula hulala kwenye baridi, lakini huyu huendelea kuzaana, polepole. Kwa hiyo katika kiwanda cha poloni hatari kubwa haiko jikoni. Iko baada ya jiko: pale poloni iliyokwisha kuiva inapopozwa, inapomenywa, inapokatwa na kufungwa. Tone la maji linalodondoka kutoka darini linatosha kumrudisha. Mfereji wa sakafuni unatosha, gurudumu la toroli linatosha, hata buti za fundi aliyetoka upande wa nyama mbichi zinatosha. Akishafika huko, hakuna moto mwingine mbele yake hadi mdomoni mwa mlaji.

Mtu mzima mwenye afya anaweza kumla bakteria huyu asijue. Wanaoumia ni wajawazito, watoto wachanga, wazee na wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mama anaweza kupata homa ndogo tu, kisha mtoto akazaliwa na maambukizi kwenye damu au kwenye utando wa ubongo. Zaidi ya asilimia 40 ya wagonjwa wote wa Afrika Kusini walikuwa watoto wenye umri usiozidi siku 28.

Jinsi chanzo kilivyopatikana

Julai 2017, madaktari wa wodi za watoto wachanga katika hospitali za Chris Hani Baragwanath na Steve Biko waliijulisha Taasisi ya Taifa ya Magonjwa ya Kuambukiza, NICD, kwamba wanaona listeriosisi kupita kawaida. Kawaida ya nchi nzima ilikuwa wagonjwa 60 hadi 80 kwa mwaka. Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, alitangaza mlipuko tarehe 5 Desemba 2017. Mwezi huo ndipo listeriosisi ilipowekwa kwenye orodha ya magonjwa ambayo daktari anawajibika kisheria kuyatolea taarifa. Kabla ya hapo hakukuwa na sharti hilo.

Kukisia chakula kilikuwa kazi ngumu, kwa sababu ugonjwa unaweza kuchukua hadi siku 70 kujitokeza. Muulize mgonjwa alikula nini miezi miwili iliyopita, naye amelazwa ana homa ya uti wa mgongo. Hata hivyo wahojaji hawakukata tamaa. Kati ya wagonjwa 109 waliohojiwa kwa kina, 93 walisema walikula nyama za kusindika zilizo tayari kuliwa, na poloni ndiyo iliyotajwa zaidi. Hiyo ilikuwa dalili nzito. Kilichobaki ni ushahidi.

Ushahidi ulianzia kwenye friji. Tarehe 12 Januari 2018, watoto tisa wa chini ya miaka mitano kutoka kituo kimoja cha malezi Soweto walifikishwa Chris Hani Baragwanath wakiwa na homa na kuhara. Daktari wa watoto alishuku chakula, akataja listeriosisi kuwa mojawapo ya uwezekano, na taarifa ikafika kwa maafisa wa afya ya mazingira. Siku hiyo hiyo maafisa hao walikwenda kituoni na kuchukua sampuli za poloni za chapa mbili tofauti zilizokuwa humo, moja ya Enterprise na nyingine ya Rainbow. Listeria alipatikana kwenye choo cha mtoto mmoja na kwenye poloni zote mbili. Maabara ya NICD iliposoma jinomu nzima, yaani mpangilio wote wa chembe za urithi, ya bakteria hao, wote watatu walikuwa wa aina moja, ST6, ndiyo aina iliyopatikana kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa ambao bakteria wao walichunguzwa nchini kote.

Hatua hiyo nadhani ndiyo inayostahili kusomwa mara mbili na kila anayehusika na kanuni za chakula. Fomu ya leseni haikufichua chanzo, wala ripoti ya kiwanda kujikagua. Alikifichua daktari aliyeshuku, na afisa afya aliyeondoka ofisini siku ile ile akiwa na vifaa vya kuchukulia sampuli. Angekwenda wiki moja baadaye, friji ingekuwa tupu.

Tarehe 2 Februari maafisa wa afya ya mazingira, wakiwa pamoja na wataalamu wa NICD, wa wizara na washauri watatu kutoka Shirika la Afya Duniani, waliingia kiwandani Polokwane na kuchukua sampuli za mazingira ya uzalishaji. Zaidi ya asilimia 30 zilikuwa na Listeria monocytogenes, na angalau 16 zilithibitishwa kuwa ST6. Matokeo yalikamilika usiku wa Jumamosi, tarehe 3 Machi. Jumapili, Motsoaledi akasimama mbele ya waandishi wa habari na kuagiza bidhaa ziondolewe sokoni. Mwishoni mwa Aprili kampuni yenyewe ilitangaza kwamba vipimo vyake huru navyo vimethibitisha kuwepo kwa ST6.

Kuna jambo la pembeni hapa ambalo muuzaji mdogo asilipite. Poloni ya Rainbow iliyokuwa kituoni ilikuwa na ST6, lakini kiwanda kilichoitengeneza, cha Wolwehoek katika jimbo la Free State, kilipopimwa kilikutwa na listeria wa aina nyingine. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba bidhaa moja iliichafua nyingine njiani, labda dukani, labda kwenye ile friji. Mashine moja inayokata poloni za chapa zote bila kuoshwa katikati inaweza kulifanya hilo kwa sekunde chache. Kwa maana hiyo mnyororo wa wajibu hauishii kwenye lango la kiwanda. Unapita kwenye lori, kwenye supamaketi, kwa mwenye kibanda, hadi kwa mlezi wa watoto.

Nani alikuwa na kazi ya kukikagua kiwanda

Ukiuliza swali hili Afrika Kusini ya mwaka 2017, unapata majibu matatu, na hapo ndipo pabovu. Machinjio yako chini ya Sheria ya Usalama wa Nyama ya mwaka 2000, inayosimamiwa na upande wa kilimo. Nyama ikishatoka machinjioni na kuingia kiwanda cha kusindika, inahamia kwenye Sheria ya Vyakula, Vipodozi na Viuavijidudu ya mwaka 1972, iliyo chini ya Wizara ya Afya, na utekelezaji wake ni kazi ya manispaa. Upande wa biashara na viwanda nao una mdhibiti wake wa viwango vya lazima, NRCS, ambaye wakati huo alihusika na nyama ya makopo lakini si na poloni ya kawaida.

Kwa hiyo poloni, chakula kinacholiwa bila kupikwa na mamilioni ya watu, ilikuwa mikononi mwa manispaa peke yake. Manispaa hutoa cheti cha kukubalika kwa jengo. Cheti hicho ni cha lazima kwa kila sehemu inayoshughulika na chakula, iwe kiwanda cha wafanyakazi mamia au mama anayekaanga vitumbua. Afisa huangalia maji, mwanga, mifereji, vyoo, sehemu ya kunawia mikono, namna ya kuzuia panya na nzi. Mambo hayo yote ni ya msingi. Lakini hayatoshi kwa kiwanda chenye mashine ngumu kufunguliwa, ambamo bakteria hujificha kwenye mpira wa kuzuia uvujaji au chini ya mkanda wa kusafirisha bidhaa. Kwa kiwanda cha namna hiyo kinachohitajika ni mfumo wa HACCP: mwenye kiwanda aorodheshe kila hatua ambapo hatari inaweza kuingia, aweke kipimo na mpaka, apime, aandike, na achukue hatua mpaka ukivukwa.

Afrika Kusini ilikuwa na kanuni za HACCP tangu 2003. Ila sekta zilizolazimishwa kuzifuata zilikuwa za karanga na siagi ya karanga, kwa hofu ya sumukuvu. Nyama za kusindika hazikuwemo, na kiwanda kilichofuata HACCP kilifanya hivyo kwa hiari au kwa kuwa supamaketi imedai. Kanuni za HACCP zilipanuliwa kuziingiza nyama za kusindika zilizo tayari kuliwa mnamo Juni 2018, wakati watu zaidi ya 200 wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Mwezi huo huo, tarehe 22, zilitoka kanuni mpya za usafi wa jumla, R638, zilizochukua nafasi ya zile za 2012. Kilichoongezwa uzito ndani yake ni mtu. Kila biashara ya chakula lazima iwe na msimamizi anayejulikana kwa jina, naye lazima awe amepata mafunzo ya usalama wa chakula. Anawajibika kwa mafunzo ya wafanyakazi walio chini yake, kwa hali ya jengo na kwa hali ya chakula. Cheti kinafungamana naye na jengo lile lile, hivyo biashara ikihama au msimamizi akibadilika, manispaa lazima ijulishwe. Kinabandikwa mahali mteja anapokiona. Na mkaguzi akikuta hatari kwa afya, ana mamlaka ya kusimamisha shughuli papo hapo.

Naona hii ndiyo hatua ya maana kuliko zote zilizofuata. Leseni iliyoandikwa jina la kampuni haimnyimi mtu usingizi. Iliyoandikwa jina la binadamu anayejua kwamba ndiye atakayeulizwa, inamfanya aamke saa kumi alfajiri kuangalia kama mashine zimeoshwa kabla zamu haijaanza.

Kwetu

Tanzania ina hali inayofanana na hiyo zaidi ya tunavyokubali. Hadi katikati ya 2019 usalama wa chakula ulikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya Wizara ya Afya. Tangu Julai mwaka huo kazi ya chakula imehamia TBS, shirika la viwango lililo upande wa viwanda na biashara, na TFDA ikawa TMDA, ikibaki na dawa na vifaa tiba. Anayetaka kufungua kiwanda kidogo cha soseji Dar es Salaam leo anasajili jina BRELA, anachukua namba ya mlipakodi TRA, anaomba leseni ya biashara, anasajili jengo na bidhaa TBS, na bado afisa afya wa halmashauri ana mamlaka ya kuingia kwake kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Wafanyakazi wanaoshika chakula wanatakiwa kupimwa afya. Kila ofisi ina sababu yake ya kuwepo. Hatari ni pale kila mmoja anapoamini kwamba sehemu ngumu inafanywa na mwenzake.

Kenya imegawanya kazi kwa katiba yenyewe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouza chakula kwa umma, huku alama ya ubora ya bidhaa ikibaki kwa KEBS, shirika la viwango la Kenya, ngazi ya taifa. Novemba 2019 tuliona mgawanyo huo ukifanya kazi: KEBS ilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi baada ya sampuli za sokoni kukutwa na sumukuvu kupita kiwango. Wasagaji hao walikuwa na vibali. Aliyegundua tatizo ni mtu aliyenunua pakiti na kuipeleka maabara. Ndiyo maana napinga kwa nguvu hoja kwamba tukiongeza idadi ya vibali tutakuwa salama zaidi. Fedha inayotafutwa kwenye kibali cha saba ingelipa sampuli za soko kila mwezi.

Kwa mwenye biashara anayesoma hapa, Polokwane inauliza maswali ambayo hayamo kwenye fomu yoyote ya halmashauri. Chakula chako kikishaiva, kinagusa nini kabla ya kufungwa? Nani huosha hicho kinachokigusa, lini, na kwa dawa gani? Anayeshika nyama mbichi asubuhi anaweza kuvuka upande wa kilichoiva mchana bila kubadili buti na koti? Daftari la joto la friji linaandikwa kila siku kweli, au linajazwa jioni ya kuamkia ukaguzi? Na ukiambiwa leo kwamba pakiti moja imemuumiza mtu, unaweza kusema kabla jua halijazama ni mzigo wa tarehe gani na umeuzwa kwa maduka yapi? Asiyeweza kujibu la mwisho atalazimika kuondoa sokoni kila kitu alichotengeneza, kwa sababu hajui kilicho kizima na kilicho kibovu.

Pale leseni inapolengwa kwa mdogo

Oktoba 2024 watoto sita wa Naledi, Soweto, walifariki baada ya kula vitafunwa. Uchunguzi ulikuta terbufosi, dawa kali ya kilimo ya kuulia wadudu ambayo mitaani huuzwa kinyemela kuua panya. Tarehe 15 Novemba Rais Cyril Ramaphosa alilihutubia taifa, akasema matukio 890 ya maradhi ya chakula yameripotiwa tangu mwanzo wa Septemba na watoto wasiopungua 22 wamefariki. Akaamuru maduka yote ya mtaani, yale yanayoitwa spaza, na sehemu nyingine zinazoshughulika na chakula zijisajili ndani ya siku 21. Foleni zikajaa kwenye ofisi za manispaa hata muda ukasogezwa hadi 28 Februari 2025.

Kusajili maduka ni sahihi. Huwezi kumkagua usiyejua yuko wapi, na duka linaloweka dawa ya panya rafu moja na biskuti lazima lifungwe. Ila usajili hauondoi terbufosi mtaani. Panya wamejaa kwa sababu taka hazizolewi, na sumu inapatikana kwa sababu inavuja kutoka kwenye kilimo. Mwaka 2025 serikali iliridhia kuzuia uingizaji wake, na hatua hiyo moja naipa uzito kuliko maelfu ya fomu. Kanuni ya nchi hiyo inataka afisa afya ya mazingira mmoja kwa kila watu 10,000, na manispaa ziko mbali sana na kiwango hicho. Duka likisajiliwa pasipo mtu wa kwenda kulikagua, linakuwa jina tu kwenye kompyuta.

Ukiweka visa hivi viwili pamoja unaona pia uzito ulivyoangukia pasipo sawa. Mwenye spaza alipewa siku 21. Viwanda vya poloni viliendesha shughuli kwa miaka bila sharti la HACCP.

Upande wa mahakama, kesi ya pamoja dhidi ya Tiger Brands iliidhinishwa na Mahakama Kuu ya Johannesburg Desemba 2018. Miaka ikapita kwenye mabishano ya nyaraka na ripoti za maabara. Mwaka 2020 kampuni iliuza biashara yake ya nyama za kusindika. Pendekezo la fidia kutoka kwa kampuni na shirika lake la bima lilifika kwa mawakili wa walalamikaji mwaka 2025. Watoto waliozaliwa na maambukizi mwaka 2017 wakapona, baadhi yao wakiwa na ulemavu wa ubongo, walikuwa wamefikisha umri wa kuanza shule.